Chipu ya Arobaini

Sheria ilikuwa moja: sauti ya marehemu hukaa nyumbani siku arobaini ndani ya chipu, kisha chipu hiyo hupelekwa chuoni, wanafunzi wa maabara wajifunzie kuipa kazi mpya. Zamda alipoiunganisha aliyogawiwa, darasa zima likasikia, "Zamda, mwanangu, umekula?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu Kigoda hakucheka. "Mwambie umeshiba, halafu umfute. Usipofuta, umefeli."

"Mwalimu, huyu ni mama yangu."

"Alikuwa. Leo ni kitasa cha mlango wa bweni."

"Nimekula, mama," Zamda alinong'ona, ilhali tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Akafuta, akapakia programu ya kitasa, taa ya kijani ikawaka.

Jioni mlango wa bweni ulimfungukia kabla hajabisha hodi. Haukumuuliza kama amekula.