Mvua ya Beseni

Fundi alikuwa ameinua jembe aivunje bustani ya juu ya paa, ndipo akaona udongo umelowa. Miezi saba mvua haijanyesha, mabomba yanakohoa hewa tu. Alichomeka kidole, akanusa. Sabuni.

"Mama, unamwagilia nini huku?"

Mwenye nyumba, bibi aliyesimama na beseni mikononi, alicheka kidogo. "Maji ninayomwogeshea mume wangu. Haoni tena, wala hatoki kitandani."

Maji yale yakishapenya udongo na kokoto, hutoka kwa bomba dogo na kudondoka nje ya dirisha la mgonjwa, ti, ti, ti.

"Anadhani ni mvua. Namwacha tu."

"Mwanao kasema nibomoe leo, niezeke mabati."

"Najua, baba. Kazi ni kazi."

Upepo ulipita, nyasi zikalala upande mmoja kama manyoya ya paka anayepapaswa. Sauti ikapanda kutoka chumbani, nzito kwa usingizi.

"Mama watoto! Leo hainyeshi?"

Bibi alitazama jembe. Beseni lilikuwa bado limejaa.

Fundi alilaza jembe kwenye nyasi, akampokea beseni.

"Wingu ndilo hilo linapanda, mzee!"