Vipimo vya Mikono

Tangu amzike mkewe, fundi alikuwa mtu wa cherehani tu. Moyo ukimlemea, anakanyaga. Ule mlio unambeba polepole, mpaka kitambaa kinageuka maji ya buluu yanayompita vidoleni. Ukimwita kula, hasikii.

Gauni la binti yake liliisha hivyo hivyo, bila kumpima.

Binti akalivaa. Mabega yakamporomoka, kiuno kikampwaya, pindo likafagia sakafu.

"Baba," akasema taratibu, "hili ni la mama."

Fundi akaduwaa. Kumbe mikono yake ilikuwa imekata vipimo vya marehemu, inchi kwa inchi. Akachukua mkasi alifumue.

"Liache hilo." Binti akamvua futi shingoni, akamtia mkononi. "Nipime na mimi, Baba."