Chui Aliyeacha Nyama

Alikuwepo, sasa hayupo, Chui mmoja aliyeapa kuacha nyama. Mbuzi wakapiga vigelegele. Lakini Chui akala majani matupu, akakonda, miguu ikamtetemeka, akaanza kumtazama Bi Mbuzi kwa jicho la zamani.

Bi Mbuzi moyo ukamruka. "Baba wee, majani matupu hayakufai! Kula kunde, kula na karanga, mwili upate nguvu."

"Nani atanipikia?"

"Sie tupo, baba."

Wakalima, wakapika, wakapakua. Chui akanawiri, manyoya yakamng'aa, akawa anasifiwa kila kijiji. Mbuzi wakabaki kulamba vyungu, mbavu nje.

"Lakini mama, si kaacha nyama?" akauliza mwanawe.

"Kaacha," Bi Mbuzi akajibu. "Zamani alitula mmoja mmoja. Sasa anatula wote."