Kamba ya Kuanikia

Tangu Sikudhani aondolewe titi lenye saratani, mkono wake wa kushoto ulikuwa haupandi kupita kiuno. Shoga yake Zamda, aliyekwisha kuipita njia hiyo, akamshushia kamba ya kuanikia nguo.

"Kanga zangu zinafagia uwanja!" Sikudhani alilalamika.

"Acha zifagie. Wewe anika."

Kila mkono ulipozoea, Zamda aliipandisha kamba kidogo. Sikudhani alimtukana, akalia, akaanika.

Asubuhi moja Zamda aliikuta kamba imefungwa juu, hata yeye haifikii.

"Sasa twende kwa Mama Shufaa," Sikudhani alisema. "Naye kakatwa titi, katoka hospitali jana."

Walipofika uani kwake, Sikudhani aliunyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye fundo, akaanza kuishusha kamba.