Chakula cha Mama Kinashuka

"Meza," Henriette alisema. "Meza, mutoto yangu, niko hapa."

Rolly alimeza. Akanywa maji, akainua mabega, akanyoosha shingo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, kisha akafinyanga tonge lingine la bukari. Mama yake hakumwondolea macho mpaka sahani ikabaki nyeupe. Ndipo alipogeuka upande wa ua, alikokaa Stéphanie, mke wa Rolly, mikono mapajani, bila kazi.

"Umeona, Mama Jessy? Ya minye mama yake inashuka."

Stéphanie alikuwa ameona. Tangu mama mkwe ahamie kwao hapa Panda, hakuruhusiwa kugusa hata mwiko. Ufunguo wa jikoni ulining'inia kifuani kwa Henriette, uzi mmoja na rozari.

Sababu ilijulikana na ukoo mzima. Rolly, fundi wa umeme kule Koni, mwanaume wa kubeba gunia la saruji huku akicheka, alikuwa ameanza kukonda. Kila alichopikiwa na mkewe alikirudisha kama kilivyoingia. Chakula cha mke kikikataa kukaa mwilini mwa mume, wajane wa kanisani hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kawekewa kitu. Henriette alifunga mizigo yake, akaja kumwokoa mwanawe. Na tangu afike, Rolly hakurudisha kitu mbele yake.

Ila kukonda hakukukoma. Henriette alifikiri, akasali, akapata jibu: kile alichowekewa na mkewe kingali mle ndani. Akampelekea neno Tshimanga, kaka yake mkubwa. Tshimanga akakata shauri kwamba Jumamosi Stéphanie atarudishwa kwa wazazi wake Kakanda. Jessy, mtoto, atabaki upande wa baba.

"Mama," Stéphanie alisema jioni ile, mtoto akiwa amesinzia begani, "umupe uji mwepesi. Akilala anakohoaka, mpaka muto unalowa. Umuulize yeye mwenyewe."

"Rolly! Chakula ya minye inakukwama?"

Rolly alikuwa akizunguka ua, kiganja kifuani, kama afanyavyo kila akimaliza kula. Alisimama. Alimtazama mkewe. Akamtazama mama yake, aliyeamka alfajiri kumsongea bukari kwa magoti yale yanayomuuma.

"Hapana, mama. Inashuka."

Stéphanie alimhamishia mtoto bega la pili.

Mkuu wa kazi ndiye aliyemlazimisha Rolly kwenda hospitali, kwa daktari aliyekuja kutoka Lubumbashi. Daktari alimnywesha kitu cheupe kizito kama chokaa, Rolly amesimama mbele ya mashine ya picha. Kisha akawaonyesha mama na mke ile picha. Njia ya chakula ilikuwa imetanuka kama mfuko, halafu chini ikachongoka ghafla kama mdomo wa ndege.

"Hakuna sumu hapa," alisema. "Pale chini, chakula inapoingilia tumboni, pamekataa kufunguka. Ni ugonjwa. Kesho tutapitisha kipira, tukijaze hewa, tupapanue. Tangu sasa asikule kitu."

"Kufunga ni vizuri," Henriette alisema. "Lakini Docteur, mulango haujifungake yenyewe. Nani aliufunga?"

Daktari alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mama, hata sisi hatujue sababu yake."

"Minye najua."

Kesho yake Tshimanga naye alikuja, suti ya Misa mwilini. Walikaa wote kwenye benchi la ukumbini, Stéphanie katikati, bega la huku na bega la huku yakimbana. Daktari alipopita, Henriette alisimama.

"Docteur, mbele ya kupanua, utatoa yenye iko mule ndani?"

"Lazima. Tunasafisha kwanza."

"Basi utuletee yote. Muyomba wake aone na macho yake." Akamgeukia kaka yake. "Yaya, mbele ya Mungu: mwenye mukono wake utaonekana mule, atoke mu nyumba ya Rolly leo. Tusingoje Jumamosi."

"Njo vile," Tshimanga alisema. "Leo."

Stéphanie alimkumbatia Jessy mpaka mtoto akalia.

Henriette alisali. Hakumwombea yule binti mabaya, Mungu shahidi. Alitaka mwanawe mmoja tu, mzima, anakula.

Daktari alitoka, barakoa chini ya kidevu.

"C'est bon. Pamefunguka. Amekunywa maji, na yameshuka."

Henriette aliinua mikono miwili juu, machozi yakamtoka. Hata Stéphanie alilia, na kwa mara ya kwanza walilia pamoja.

Kisha muuguzi akaleta bakuli la chuma, akaliweka kwenye meza ndogo, akaondoa kitambaa. Harufu ikawafanya warudi nyuma. Tshimanga peke yake aliinama.

"Ilikuwa imejaa mpaka huku juu," daktari alisema, akigusa shingo yake. "Na haiko ya jana. Ingine iko mule tangu siku nyingi. Chakula ngumu yote ilikuwa inabakia pale. Alikuwa anajikaza tu isitoke. Kidogo tena, ingemuziba pumzi usingizini."

Henriette alisogea. Bukari. Majani. Na vipande vya uyoga, vikubwa, vizima, kama vilivyotoka kwenye sufuria yake Jumapili.

Tshimanga alinyoosha mgongo taratibu, akafunga kifungo cha koti lake kama mtu anayetaka kutoa hukumu.

"Mama Jessy," aliuliza, "uyoga hii nani aliipika?"

Stéphanie alifungua kinywa. Akakifunga, macho kwenye ule ufunguo, akamngoja mama mkwe wake ajibu.