Kicheko cha Aprili Mosi

Usitazame pembeni. Ndiyo tabia yako: ukiliona gari la maiti limeegeshwa nje ya jengo, ghafla unainamia viatu vyako kana kwamba umesahau kuvifunga. Leo utatazama.

Aprili pili, asubuhi, mjini Saint-Étienne, Ufaransa, Mkurugenzi Armand alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa nzima, hakuitaka. Kwenye ukosi wa koti bado ilining'inia nishani aliyovishwa jana, ya miaka thelathini na sita katika kampuni ya umeme.

Sisi wateja wake tunaikumbuka miaka hiyo kivingine. Aliingia kampuni kwa mlango wa chini kabisa, akapanda kwa akili. Zamani mkata umeme alilazimika kubisha hodi. Akiona kichanga ndani, au mgonjwa kitandani, mkono ulimlegea, akarudi na koleo lake. Armand ndiye aliyeuliza: kwa nini tubishe? Tukate kwa kompyuta. Wakubwa wakampigia makofi. Sheria inakataza kumkatia mtu wakati wa baridi, basi Machi ikiisha tu, asubuhi ya Aprili mosi kompyuta inaanza kazi, wala haioni uso wa mtu.

Ferroudja, jirani wa ghorofa hiyo, alikuwa akifagia korido. Aliiona nishani yenye alama ya kampuni.

"Ndiyo mnakuja sasa? Marehemu ameshushwa jana jioni. Au mnataka kulikatia na jeneza?"

"Nieleze ilivyokuwa, mama."

"Mimi si mama yako! Bibi Clotilde alikuwa anapumua kwa mashine. Barua zenu angezisomaje kwa macho yale? Jana saa mbili asubuhi, umeme kwisha! Mashine ikabaki na betri ya saa chache."

"Hamkuita gari la wagonjwa?"

"Nilitaka, akanikatalia. Kuna mwanawe huko Lyon, anasoma mita za umeme tangu ujana, kibarua wa watu. Akasema huyo ndiye atakayejua la kufanya. Akampigia, sauti kaifungulia yote kwa ule uziwi wake. Unajua mwanawe alifanyaje?"

Armand aliigusa nishani ukosini.

"Alicheka! Kila sikukuu ya wajinga bibi alikuwa anamzuga kwa simu. Mwaka juzi alimwambia bomba limepasuka, samaki wanaogelea sebuleni, na lile jinga likaamini. Basi jana likasema, 'Mwaka huu hunipati ng'o, Mama!' Likakata."

"Na yeye?" Armand aliuliza.

"Akacheka pia. 'Nimemzoesha vibaya,' akasema. 'Nenda kazini, binti, atafikiri kidogo, atapiga mwenyewe.' Nami nikaenda." Ferroudja aliuegemeza ufagio ukutani. "Nikaenda, unanisikia? Kurudi saa kumi na moja, yuko kitini, simu mapajani, ameielekeza juu aione ikiwaka."

Armand akatoa leso, akaikunja, akairudisha bila kuitumia.

"Usinililie hapa, bwana mkubwa. Wewe angalau umekuja kutazama ulichokifanya. Yule msoma mita, miaka sita nimekaa hapa sijamwona hata kivuli. Kila Krismasi bibi anaoka keki, anakata vipande viwili, cha pili nakula mimi. Ukimuuliza, anakwambia, 'Mwanangu ana mita nyingi.'"

"Mita nyingi," Armand alisema taratibu.

"Namba yake ninayo. Bibi aliniandikia, akasema nimpigie siku yeye akizidiwa. Polisi watakuwa wamemwambia kwa adabu zao. Mimi adabu sina. Leo atanisikia."

Akabonyeza namba, moja baada ya nyingine.

Simu ikaita mfukoni mwa Mkurugenzi.

Wewe inuka, kamjulie hali jirani yako. Sasa hivi, kabla ya chai.