Unyayo wa Kobe Daftarini

Nyati alikuwa msomi, na hakumwacha mtu asahau. Siku ya wazazi alimfuata Mwalimu Korongo ofisini.

"Mwanangu katoka wa mwisho hadi wa tatu," alisema. "Damu yangu hiyo."

Korongo alishusha pumzi. Alikuwa amemwita mara nne, na mara zote Nyati alikuwa na kikao. Akamsogezea daftari la yule ndama. Shuleni pale, aliyemsikiliza mtoto akisoma nyumbani ndiye aliyetia sahihi. Kila ukurasa ulikuwa na unyayo mdogo wa wino.

"Huu wa nani?"

"Wa jirani yako, Kobe."

"Kobe? Hajui hata kusoma."

"Hajui. Lakini kila jioni anakaa na mwanawe na wako, wanamsomea. Mmoja akibabaika, anamwambia arudie."

"Mbona mwanangu hakuniambia?"

"Alikuomba wewe kwanza, Mzee Nyati. Ulimwambia umechoka."

Nyati akanyakua kalamu, akafunua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta mahali pa kutia sahihi yake. Daftari lilikuwa limejaa.